Milimani na Bandarini

Kiwandani walimwita Mzee Prufu, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani alipostaafu. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kusoma kila prufu, karatasi ya majaribio, kabla mashine haijaanza kuchapa: kadi za harusi, vitabu vya shule, matangazo ya vifo. Akishamaliza, aliandika tarehe kwenye pembe ya chini na kuweka sahihi yake ndogo. Bila sahihi hiyo mashine haikuwashwa. Hata meneja alijua.

Elimu yake aliipata katika chuo cha masomo ya jioni, akiwa tayari na watoto wawili. Maktaba ya chuo hicho cha jioni ndiyo iliyomwonjesha muziki wa okestra. Ilikuwa na rafu moja ya santuri ambazo hakuna mwanafunzi aliyezigusa. Yeye alizigusa, na hakuacha tena.

Sasa chuo kilikuwa kinahama, na santuri zilikuwa zinatupwa. Jumamosi moja asubuhi mkutubi alimpigia simu.

"Mzee wangu, njoo uchukue zako kabla sijazitia kwenye gunia."

Alirudi na mbili tu, amezifunga gazetini na kuzikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Zote mbili zilikuwa za simfonia moja. Moja ilipigwa na okestra ya mji fulani wa milimani, ng'ambo huko, na nyingine na okestra ya mji wa bandari. Hizi ndizo santuri alizoziazima siku moja, zamani, akazinakili kwenye kanda kwa ajili ya wenzake. Na kanda hizo ndizo zilizozaa Baraza la Jumapili.

Walikuwa watano, wakikutana sebuleni kwake kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kazi yao ilikuwa kulinganisha. Wanapiga kipande cha Milimani, halafu kipande kilekile cha Bandarini, kisha wanabishana mpaka chai inapoa. Waliafikiana tangu mwaka wa kwanza kwamba Milimani ni bora, kwa sababu fidla zao zinapumua. Bandarini wanakimbia. Mzee Prufu aliandika hata makala ya kurasa nne na kumgawia kila mmoja nakala. Humo alieleza kwamba watu wa milimani wana hewa safi na hawana haraka, ilhali watu wa bandarini wamezoea kuwahi meli.

Siku hiyo alifuta vumbi kwenye gramafoni, akaweka santuri ya Milimani, akaketi na kufumba macho. Nusu dakika haikupita, akayafumbua. Fidla zilikuwa zinakimbia.

Aliinuka akasoma lebo. Aliisoma tena herufi kwa herufi, kama alivyozoea kazini. Akaitoa, akaweka ya Bandarini. Fidla zikaanza kupumua, pole pole, na ngoma ikaingia nyuma yao ikiwa imechelewa kidogo, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Alizitoa kanda kwenye kabati. Mwandiko ulikuwa wake, wino wa buluu, mstari umenyooka. Hapo akakumbuka. Siku ile aliandika karatasi za majina kwanza na kuzibandika kabla ya kunakili, ili asipoteze muda, kisha akazilaza kanda mezani kifudifudi, na wakati wa kunakili hakuzigeuza kutazama majina. Alikuwa mtu wa mpangilio.

Mkewe alimkuta ameduwaa, mikono mapajani.

"Kuna nini? Umekaa kama umeletewa habari ya msiba."

Akamweleza. Mkewe alisikiliza huku akikunja nguo.

"Sasa si ubandue karatasi ubandike upya? Kazi ya dakika mbili."

"Karatasi nitabandua. Na Fundi je?"

Mkewe aliacha kukunja.

Fundi alikuwa fundi saa, na katika wale watano ndiye pekee ambaye hakuwahi kuketi darasani zaidi ya miaka minne. Lakini alikuwa na sikio. Ukimpa saa aliiweka sikioni kabla hajaifungua, akakwambia inachechemea upande gani. Jumapili ya tatu au ya nne ya Baraza, alinyanyua kidole.

"Prufu, hii si Milimani. Hii niliisikia redioni juzi, wakasema ni Bandarini. Ngoma inachelewa. Kachelewesho kadogo, lakini kapo. Sikosei."

"Fundi, soma hapa. Imeandikwa nini?"

"Nimeona ilivyoandikwa. Nakwambia ninavyosikia."

"Kwa hiyo maandishi yanadanganya, sikio lako ndilo linasema kweli?"

Wenzao walicheka. Mmoja wao, mwalimu, akamshauri Fundi akasafishe masikio kwa mafuta ya saa. Mzee Prufu alicheka kuliko wote, kwa sababu maandishi yale yalikuwa ya mkono wake. Jumapili zilizofuata Fundi alikubali kila alichoambiwa. Baadaye akasema kazi zimemzidi, akaacha kuja. Hawakugombana. Walisalimiana njiani miaka yote hiyo, wakaulizana habari za watoto.

Na sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu Fundi awe kiziwi kabisa.

Jumapili, Mzee Prufu hakuwangoja wenzake. Alichukua redio yake ya kaseti na kanda mbili zikiwa zimebandikwa upya, akavuka mitaa miwili kwa miguu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alitaka jambo moja tu, kumrudishia mtu sikio lake. Yale mengine Fundi angeamua mwenyewe, kama ni kumtukana au kumfukuza.

Binti mkubwa wa Fundi, mshonaji, alimfungulia mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Yupo?"

"Yupo, wapi aende? Ila usimpigie kelele, majirani watadhani mnapigana. Andika." Akampa daftari la shule na penseli.

Fundi alikuwa dirishani, amekonda, mikono yake imetulia juu ya meza tupu. Alipomwona alitabasamu.

"Prufu! Umekuja kunisahihishia daftari?"

Sauti yake ilikuwa imenyooka, haina mlima wala bonde. Mzee Prufu alifungua daftari. Kurasa zilikuwa zimejaa mwandiko wa binti: *Umekunywa dawa? Fundi bomba amekuja. Kaa kidogo nje upate jua.* Maneno mawili yalikuwa na makosa, na mkono ukamwasha. Akafungua ukurasa mweupe.

Aliandika: *Zile kanda nilikosea kubandika. Niliyoiita Milimani ni Bandarini. Ulisikia sawasawa. Ngoma inachelewa kweli. Mwenye makosa ni mimi.*

Fundi alichukua kioo chake cha kukuzia, kile cha kutengenezea saa, akakibana jichoni kwa mazoea, akasoma. Kisha akacheka, kicheko kifupi.

"Kwa hiyo inachelewa."

Mzee Prufu akaitikia kwa kichwa.

"Nilidhani ni mimi." Fundi aliweka kioo chini. "Baada ya siku ile, Prufu, nikiweka saa sikioni nilikuwa namwita mama watoto, Mungu amrehemu, naye asikilize. Namuuliza, inachechemea, haichechemei? Naye hajui kitu, ananijibu tu ili arudi jikoni. Redio nilimpa shemeji. Nilikuwa nikisikia ule muziki, nabaki kujiuliza kama ninachosikia ndicho. Haikuwa na raha tena."

Mzee Prufu aliandika: *Kwa nini hukubishana nami?*

Fundi alisoma, akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto.

"Wewe ulikuwa umesoma."

Mzee Prufu alitafuta neno la kuandika chini ya hayo. Huyu ni mtu aliyewahi kumpatia mshairi neno lililopotea kwenye ubeti, na meneja neno la kuombea radhi wateja mia nne. Aliandika *Nisamehe*, akaona jinsi lilivyo dogo kwenye ukurasa, akaliacha hivyohivyo.

Fundi hakulitazama. Macho yake yalikuwa kwenye redio.

"Umekuja nazo?"

Mzee Prufu akaitikia tena kwa kichwa.

"Basi piga. Usiniandikie ni ipi. Nikisie mwenyewe."

Mzee Prufu aliweka kanda ya Bandarini, ile ya kweli, akabonyeza. Fundi alisogea na kuweka kiganja chake juu ya spika, vidole vimetanuka. Fidla zikaanza. Ngoma ikaingia, imechelewa. Mzee Prufu alimkazia macho, akingoja walau ukope ucheze. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa upande, jinsi alivyokuwa akifanya na saa.

Kipande kile hakikuwa kirefu. Fidla zilishuka, zikafifia, zikaisha. Siku ile ya kunakili hakuongeza kingine baada yake, kwa hiyo kanda iliendelea kuzunguka tupu, na chumbani kukawa hakuna kitu ila mngurumo mdogo wa mota ndani ya redio. Mkono wa Fundi haukuondoka. Sasa ndipo uso wake ulipoamka. Alibana midomo, akahesabu kitu kwa kidole cha mkono wa pili.

Mzee Prufu alinyoosha mkono kuzima. Akaurudisha.

"Nimeipata," alisema Fundi. "Hii Milimani. Inakimbia mno. Ngoma haichelewi hata kidogo, iko palepale. Eti?"

Akageuka, anangoja. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, na yeye alikuwa anasikia jinsi chumba kilivyokuwa kimya. Alimtazama Mzee Prufu mara moja, kisha akaangalia sakafu.

Mzee Prufu alishika penseli. Kumwambia amekosea alishamwambia mara moja, akiwa na hakika, mbele za watu. Na leo alikuwa amekuja na ukweli, ameubeba mitaa miwili. Aliandika neno moja.

*Umepata.*

Fundi alilisoma kwa kioo. Mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Niwekee na tarehe," alisema. "Na ile sahihi yako. Kama ya kiwandani."

Mzee Prufu aliandika tarehe kwenye pembe ya chini. Sahihi ilitoka vizuri, ndogo na iliyonyooka, kama zile zote alizowahi kuweka.

Fundi alichana ukurasa ule polepole, akaukunja mara nne na kuutia mfukoni.

"Haya," alisema, akirudisha kiganja juu ya spika. "Weka ile nyingine."