Kisiwa Kwenye Tuta la Kabichi

Asubuhi ya gulio la Soni, Efrazia alikuwa akikata kabichi kwenye tuta la tatu pale kisu kilipogonga jiwe jeusi lenye joto. Kufikia saa nne jiwe lilikuwa limefikia ukubwa wa ungo, linafuka moshi kileleni, na mfereji uliolizunguka umejaa maji ya chumvi. Efrazia akakata kabichi zilizobaki, akafunga mzigo.

Binti yake Modesta, aliyemaliza darasa la saba miaka minne nyuma, alilitambua mara moja.

"Hiki ni kisiwa cha volkano, mama. Tulikichora shuleni."

Majirani walikuja kuchota maji ya mfereji ya kuchemshia maharage. Mzee Kassimu, mwenyekiti wa kitongoji, alichovya kidole, akalamba. "Mama Modesta, wenzako wanaifuata bahari mpaka Tanga, wewe umeletewa shambani." Akacheka peke yake, akaenda zake.

Pale kisiwani siku moja ilikwenda kama mwaka. Jiwe lilipoa, likaota kuvu, kisha nyasi, kisha msitu mzito kama manyoya ya kifaranga. Kila alfajiri wingu dogo lilitua juu ya miti, miti ikadondosha matone, na mto mwembamba kama uzi ukateremka hadi baharini. Wakatokea watu, wadogo kuliko sisimizi. Efrazia alipopalilia aliwapitia pembeni.

Watu wale wakafyeka msitu. Kuzunguka chemchemi yao wakapanda miti iliyonyooka, mstari kwa mstari, na Efrazia akayajua majani yake. Ilikuwa mikaratusi. Miaka mitatu nyuma yeye na wenzake wa kitongoji walikuwa wameipanda vile vile kwenye chemchemi yao ya juu, maana inakua haraka na nguzo zake zinatafutwa. Arobaini aliipanda yeye kwa mkono wake. Tangu hapo maji yalikuwa yakipungua, na Modesta alikwisha kusema kwamba yakikauka atateremka Mombo kwa shangazi yake, asitegemewe kurudi.

Kisiwani wingu likapita bila kutua. Mto ukakatika. Bahari ikapanda, ikameza tuta la pili, na visima vya pwani vikaingia chumvi. Watu wakahamia juu, tena juu zaidi, mpaka juu kukaisha.

Efrazia akaenda kwenye mkutano wa kitongoji, akaomba mikaratusi ing'olewe. Wote wakashuka shambani kwake kutazama. Walisimama na mikono nyuma, wakakubaliana kwamba ndivyo mambo yalivyo.

"Ni kweli, mama, tumeona," alisema Mzee Kassimu. "Lakini imebaki miaka miwili tu iwe nguzo. Tuvumilie."

Wakanyoosha mikono kuafiki. Efrazia alichukua panga, akaikata arobaini ya kwake siku hiyo hiyo. Kabla mwezi haujaisha kila kisiki kilikuwa kimechipua mashina matatu.

Chemchemi ilikauka siku ya Alhamisi. Modesta aliosha vyombo kwa maji ya mwisho ya ndoo, akavipanga, akafunga nguo zake kwenye khanga.

"Mama, twende wote."

Efrazia akamuuliza shamba atamwachia nani. Modesta akamshika mama yake mkono, akauachia. Akashuka na njia ya Soni bila kugeuka.

Kileleni pa kisiwa imebaki nyumba moja na mwanamke mmoja mwenye jembe. Kila asubuhi Efrazia anarudi na ndoo aliyoifuata mwendo wa saa mbili, na kabla ya kubandika uji humwagia mwanamke yule kikombe kimoja. Ndiyo mvua pekee inayonyesha kule. Maji huzama kwenye nyufa za jiwe, yasionekane tena.

Mwanamke yule huinua uso, akamtazama Efrazia kama mtu anavyotazama kilima kisichokaliwa na mtu. Kisha huinama, akaendelea kupanda miche yake ya mikaratusi, mstari kwa mstari.