Usingizi wa Mkwe

Kichwa cha dereva kilishuka kidogo, kama cha mtu anayeitikia salamu, kisha kikarudi juu ghafla. Mama Kiongozi alikiona kwenye kioo cha ndani. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, kipaza sauti mkononi, akiwaeleza wageni habari za mji mkongwe waliotoka kuutembelea: kuta zake nene, soko lake la matao, na mtawala aliyelijenga ili mkewe asinyeshewe akienda kununua vitambaa. Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Mbele yao barabara ilianza kupanda kwenda vijiji vya mlimani, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu.

Angekuwa dereva mwingine, angemgonga bega na kumwambia waziwazi. Lakini huyu alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Tangu siku ya posa wawili hao walikuwa wakiheshimiana mpaka inachosha. Yeye alimwita "baba", naye akamwita "mama", na wakiwa na jambo zito walilipitisha kwa binti, kama watu wanaopokezana sahani ya moto. Jina la mkwe wake hakuwahi kulitamka mbele yake.

Halafu kulikuwa na Bosi. Juzijuzi dereva mwenzao alikutwa akisinzia kwenye gari lililoegeshwa tu, akafutwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Neno moja likifika ofisini, nyumba ya binti yake, yenye kichanga cha wiki chache, ingebaki bila mshahara. Na asiposema? Humu garini mlikuwa na roho za watu, na mojawapo ilikuwa ya baba wa kichanga hicho.

Aliinama kana kwamba anaokota kitu, akanusa. Alikuwa mtu wa sala, hajaonja pombe maisha yake, lakini harufu yake aliijua vizuri; marehemu mumewe alimfundisha bila kukusudia. Hapakuwa na pombe. Palikuwa na harufu ya sabuni, na ya maziwa yaliyochacha.

"Baba, umeamkaje leo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Salama, mama."

"Salama kabisa?"

"Kabisa, mama."

Na kichwa kikashuka tena.

Ee Mungu, alisema moyoni, nipe akili upesi. Ndipo likamjia kwamba mtu anayesema hasinzii. Akawatangazia wageni kuwa dereva wao ni mzaliwa wa milima hii, basi awasimulie mwenyewe. Akamsogezea kipaza sauti mdomoni. Mkwe alishtuka, akakohoa, akasema kijiji kinachofuata kilijengwa juu kwa kuogopa wavamizi. Kona mbili baadaye akasema kilijengwa juu kwa kuogopa mbu. Mzee mmoja wa kofia ya majani, aliyekuwa akisoma kila kibao njiani, akataka kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

"Wavamizi waliokuja na mbu wao," alijibu dereva, na gari zima likaangua kicheko.

Mama Kiongozi hakumpa nafasi. Alimuuliza habari za mnara, za kisima, za ngazi za mawe, mpaka za mbuzi. Majibu yakaanza kufupika.

"Ile kengele ya mnara ilitengenezwa na..."

"Na nani, baba?"

Kidevu kikaangukia kifuani. Tairi likaanza kusaga kokoto za ukingoni.

Ndipo akaliita jina lake. Jina tupu, bila baba, bila heshima, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakujua kuwa anayo.

Dereva akakata usukani. Gari likayumba, vikombe vikaanguka, mtu akapiga yowe nyuma. Kisha likatulia, likajikokota hadi kwenye uwanja mdogo wa kijiji na kusimama. Mama Kiongozi alipenyeza mkono na kuchomoa ufunguo.

Nje, kando ya ukuta, mkwe alitazama viatu vyake. "Nisamehe, mama."

"Samahani baadaye. Kwanza nijue."

Akamweleza. Mtoto halali usiku. Kila mama mkwe akija mchana anamkuta ametulia kama malaika, lakini usiku kucha ni kilio. Mkewe bado ana kidonda cha upasuaji, daktari amesema apumzike, basi yeye ndiye humbeba begani mpaka kukuche, akizunguka naye ukumbini.

"Mbona sikuambiwa?"

"Mwanao alinikataza. Alisema ukijua utahamia kwetu."

"Ningehamia, ndiyo."

"Hiyo ndiyo hofu yake, mama."

Mama Kiongozi alicheka huku akijifuta macho. Akamwonyesha benchi la mawe. "Lala."

"Mama, ratiba..."

"Lala, baba."

Alilala mguu mmoja ukiwa bado chini.

Mzee wa kofia hakuridhika. Aliahidiwa kuona jua likizama kutoka kijiji cha mwisho, na tayari alikuwa amepiga simu ofisini. Punde simu ya Mama Kiongozi ikalia.

"Naambiwa mmesimama," alisema Bosi. "Gari limeharibika?"

Kusema ndiyo kulikuwa kwepesi kama kumeza mate. Alifumba macho, akayafumbua.

"Gari ni zima."

"Dereva je?"

"Amelala. Alikuwa anasinzia njiani, nikamsimamisha. Ufunguo ninao mimi, na hatutatoka hapa mpaka aamke. Kama kuna wa kufutwa, bosi wangu, anza na mimi."

Akasubiri jibu. Juu ya benchi dirisha likafunguka, mwanamke akatandaza zulia kwenye kizingiti na kuinua fimbo alikung'ute vumbi. Mama Kiongozi akaweka kidole midomoni, akamwelekeza chini kwa kidevu. Mwanamke akainama, akamwona mwanamume mzima amelala mdomo wazi mchana kweupe, na wageni wamesimama wakinong'ona.

Akashusha fimbo. Akaanza kulivuta zulia ndani, taratibu, kidogo kidogo, ilhali simu sikioni ilikuwa bado haijasema neno.