Kistari Kati ya Nambari

Kwenye ramani ya skrini, alama nyekundu ilitua upande wa pili wa mji, mbali kabisa na mlango wa mama yake. Binti aliifuta anwani, akaiandika upya polepole: mtaa wa kumi na moja, jengo la pili. Alama ikarudi palepale, ng'ambo ya reli, kwenye jengo la kumi na mbili la mtaa wa kwanza.

Programu ile ilikuwa ianze kupokea simu za dharura siku hiyohiyo, na magari ya wagonjwa yangekwenda popote alama itakapotua. Mama yake alikuwa na pumu.

Hakuhangaika sana kutafuta. Kiini cha programu kilikuwa mstari mmoja tu wa maagizo ya kompyuta, ulioandikwa na mkuu wa kitengo, ambaye ofisi nzima ilimwita Mwalimu kwa kuwa wengi wao, naye akiwamo, walijifunza kazi mikononi mwake. Mstari huo ulizipitisha nambari za anwani moja baada ya nyingine, ukaigeuza kila moja kuwa maandishi, kisha ukaziunganisha zote zikawa andiko moja. Aliupenda tangu zamani. Haukuwa na neno la ziada. Lakini kati ya nambari na nambari haukuacha kitu. Kumi na moja na mbili zilitoka 112. Moja na kumi na mbili, 112 vilevile. Ramani ilichukua nyumba iliyoikuta kwanza.

Alimfuata Mwalimu ofisini kwake.

"Mwalimu, tuweke kistari kati ya nambari. Bila hicho, nyumba mbili zinakuwa moja."

"Binti yangu, mstari ule niliuandika wewe hujui hata kuwasha kompyuta." Alikuwa akifunga tai mbele ya dirisha. "Programu nyingine zote zinalisoma andiko hilo lilivyo. Ukigusa hapo umegusa kila mahali. Wageni wako njiani. Tuzindue, tutarekebisha baadaye."

"Baadaye ya nani, Mwalimu?"

"Usinipande kichwani."

Miaka yote aliyofanya kazi chini yake, mazungumzo ya namna hiyo yaliishia kwenye "sawa, Mwalimu". Maneno yalimfika ulimini kwa mazoea. Safari hii aliyameza, yakashuka kwa shida kama kidonge kisicho na maji.

Ukumbini, mkurugenzi alipomaliza hotuba yake, Mwalimu alimpa binti ishara abonyeze kitufe cha kuwasha mfumo. Mikono yake ilibaki mapajani.

"Sibonyezi," alisema.

Minong'ono ikazuka. Mkurugenzi akageuka. "Kuna nini?"

"Naomba uandike anwani ya mama yangu." Akaitaja kwa sauti. Mkurugenzi akaandika, na mbele ya macho ya wote, kwenye ramani iliyomulikwa ukutani, alama ikatua ng'ambo ya reli. "Hapo hakai mama yangu. Lakini akibanwa na kifua, gari litakwenda hapo."

Mwalimu alisimama. "Hilo ni jambo dogo, linarekebishika."

"Ndiyo, ni dogo. Basi tulirekebishe kabla mtu hajapiga simu."

Hakuinamisha uso. Mkurugenzi aliutazama ukuta wenye ramani, kisha akafunga faili lake. "Tunaahirisha."

Wageni waliondoka bila kugusa chai. Yeye alirudi mezani pake, akauongezea ule mstari kistari chake, kisha akaanza kuzisaka programu zilizolisoma andiko la zamani. Zilikuwa nyingi kweli. Katika hilo Mwalimu hakudanganya, naye alikiri moyoni kwamba kazi ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

Hakumsikia alipoingia.

"Umenivua nguo mbele za watu," Mwalimu alisema nyuma yake.

"Nilikuja kwako kwanza."

Macho ya Mwalimu yalikuwa kwenye skrini, juu ya mstari wake mwenyewe, ambao sasa ulikuwa na kitu kigeni katikati. Tai ilikuwa imelegea shingoni.

"Na wewe ukikosea?" aliuliza hatimaye.

"Utanisimamisha. Mbele za watu vilevile."

Mwalimu alishika mgongo wa kiti kilichokuwa kando. Hakukivuta, wala hakukiachia. Binti akaendelea kuandika.