Pazia Lilikuwa Dogo

Mama Studio alipanga likizo yao kwa mpini wa ufagio. Pazia la kupigia picha lilifunika ukuta mzima wa studio, na kisiwa kizima kilikuwa humo, kimechorwa kwa mkono wa mumewe, mpiga picha, tangu enzi za uchumba wao: kushoto maporomoko ya maji, katikati ziwa juu ya mlima wa volkano, kulia pango. Nusu ya maharusi wa mji ule walipigwa picha mbele yake, wakatundikwa sebuleni kama watu waliofika huko.

"Tukiamka tunaoga hapa," alisema, akigonga maporomoko. "Tunajifuta, hatua mbili, tuko ziwani. Mchana tunakula pangoni kwenye kivuli. Jioni kisiwa kimekwisha, siku zilizobaki ni kulala tu!"

"Taratibu, mama, utatoboa maji," alisema mpiga picha, lakini naye meno yote yalikuwa nje.

Furaha ilikuwa haimkai Mama Studio mwilini. Mwanamume huyu hakuwahi kufunga studio hata kwa homa, na sasa alikuwa amekubali! Ila kilichomtia wazimu hasa hakikuwa maji wala pango. Mama Studio alikuwa na picha zake rundo zima, na hakuna hata moja aliyokuwamo mumewe. Hata za harusi yao bibi harusi yuko peke yake, kwa sababu bwana hakumwamini mtu na kamera yake. Alitaka picha moja ya wawili, huko kisiwani, na hilo hakuwa amelisema. Akamkokota mzee hadi ofisi ya wakala wa safari kabla hajabadili mawazo.

Binti wa pale mezani alisikiliza mpango wote kwa adabu. Ulipofika pangoni, uzalendo ukamshinda, akacheka mpaka akashika meza. Akawafungulia ramani.

"Maporomoko yako huku, ziwa liko kule. Ni mwendo wa kutwa nzima, mama yangu. Na pango liko kisiwa kingine kabisa. Kwa safari yenu mchague kimoja. Nani aliwaambia viko pamoja?"

Mama Studio alimgeukia mumewe polepole.

"Pazia lilikuwa dogo," alijitetea mpiga picha. "Ningeviweka wapi?"

Walicheka wote watatu hadi mbavu zikauma. Maharusi wote wale, jamani! Mpiga picha akapangusa macho, akaishika kamera iliyoning'inia kifuani, maana hata hapo alikuja nayo.

"Basi twende maporomoko. Wewe utasimama juu ya jiwe, nguo yako ile nyekundu. Mimi nitakuwa ng'ambo, nipate..."

"Wewe ng'ambo."

"Ndiyo, nipate maji yote."

Kicheko kikamkauka Mama Studio mdomoni. "Basi nenda mwenyewe, baba. Mimi nimechoka kuwa peke yangu kwenye picha. Nikifa leo, wajukuu watasema bibi yao hakuwa na mume."

Mpiga picha aliitazama kamera mkononi. Kisha akavua mkanda wa kamera shingoni na kumpa binti wa watu, akimsihi asitikise, asipumue, asikate miguu. Binti akaapa.

Akaja kusimama kando ya mkewe, mbele ya ukuta mtupu wa ofisi. Yeye aliyewapinda shingo watu wa mji mzima mbele ya kamera hakujua mikono yake aipeleke wapi. Mama Studio aliuchukua mmoja akauweka kiunoni mwake, moyo ukimdunda kama msichana.

"Hautaki kukaa," alinong'ona mzee.

"Utazoea."

Kamera ikalia. Binti akaitazama, uso ukamshuka.

"Samahani sana, mzee. Nimekata vichwa."

Mama Studio alisubiri mumewe aruke, aende kumwonyesha binti namna ya kupiga. Mkono kiunoni ukazidi kukaza.

"Rudia, binti yangu," alisema mpiga picha. "Sisi tupo hapa."