Faini ya Mwalimu Sentimita

Bahati mbaya ya kwanza ni kwamba bahasha ilipokelewa na mke wake. Ya pili, aliifungua. Ya tatu, na hii ndiyo iliyomtoa Mwalimu jasho jembamba, ni kwamba alifurahi.

"Tumepigwa faini!" alipaza sauti kutoka sebuleni, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Baba Watoto, njoo uone! Watu wa maegesho wametupiga faini!"

Mwalimu alikuwa jikoni ananawa mikono. Akaendelea kuinawa ingawa ilishatakata.

Lazima umwelewe mwanamke huyu. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na mmoja. Alichapa hukumu za matapeli, za wezi wa kuku, za ndugu waliogombea kabati la marehemu, na siku alipostaafu wakampa keki na saa ya ukutani, wakasahau kumpa japo kesi moja ndogo ya kwenda nayo nyumbani. Tangu hapo mikono ilikuwa inamwasha. Muuza maziwa alishaandikiwa barua mbili. Leo kesi imekuja yenyewe, imepiga hodi mlangoni, halafu eti asifurahi!

Barua ilikuwa fupi na kavu. Gari lenye kibao cha shule ya udereva juu ya paa liliingia kwenye maegesho ya jengo la maduka saa nne na dakika kumi asubuhi, likatoka saa saba na dakika hamsini. Muda unaoruhusiwa ni saa mbili. Mwenye gari alipe ndani ya siku kumi na nne, au alete pingamizi kwa maandishi.

"Tulipe tu," akasema Mwalimu.

Hapo ndipo alipoharibu. Miaka ishirini na miwili alikuwa anafundisha watu kuendesha gari, na hajawahi kupigwa faini hata ya kusingiziwa. Alitembea na futi ya fundi cherehani mfukoni, akipima tairi limekaa umbali gani na ukingo wa barabara, na mwanafunzi aliyezidisha vidole viwili alirudia zoezi mpaka machozi yamtoke. Ndiyo maana walimwita Mwalimu Sentimita. Mtu wa namna hiyo akisema "tulipe tu", mkewe lazima aweke karatasi chini amtazame.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi hatulipi. Tunapinga."

Haya, ngoja nikueleze kilichokuwa kinamla Mwalimu, maana yeye mwenyewe hakumweleza mtu yeyote. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Lilianza miezi minane nyuma, kama kioo cha bafuni mtu akishamaliza kuoga maji ya moto. Akadhani ni vumbi, akaliosha. Ukungu ukazidi, mpaka upande wa kushoto wa dunia ukawa jambo la kuhadithiwa. Kwa daktari hakwenda, kwa sababu daktari angeandika, na kilichoandikwa kingefika kwa wanaotoa leseni za kufundishia, na bila leseni ile Mwalimu hakujua ataamka asubuhi afanye nini. Kulima hajui, biashara haiwezi. Kazi aliyoijua ni kukaa kando ya mtu anayetetemeka na kumwambia kwamba ataweza.

Kwa hiyo akabuni mbinu. "Kushoto kuna nini?" alimuuliza mwanafunzi kwa ukali. "Kuna mama na ndoo, Mwalimu." "Vizuri. Na mbele yake?" "Baiskeli, Mwalimu." Wanafunzi wakamsifu mji mzima kwamba mwalimu yule anakufunza kuona. Mungu amsamehe, alikuwa anaazima macho yao, na kila jioni alijiapiza kwamba wiki ijayo ataacha.

Siku ya faini hakuwa na mwanafunzi. Alikwenda peke yake kununua balbu, akaegesha kando ya nguzo ya zege, nguzo kushoto, nafasi tupu kulia. Baada ya dakika kumi akarudi na balbu yake, akakuta kulia pamekaa gari jipya jeusi, linang'aa mpaka unaweza kujitazama meno. Sasa achomoe vipi? Kulia mali ya watu, kushoto nguzo asiyoiona. Akajikaza kisabuni, akarudi nyuma shibiri moja, akasimama. Akashuka, akapima kwa futi. Nafasi ilitosha, tena na chenji ikabaki, lakini akishapanda tu na kushika usukani moyo unamwenda mbio. Akaamua kumsubiri mwenye gari jeusi aondoke.

Mwenye gari jeusi alikuwa anasukwa nywele. Mwalimu aliligundua hilo karibu saa sita, alipomwona mwanamke anatoka saluni nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akachukua chaja ya simu kwenye gari, akarudi ndani. Nusu nzima imebaki! Mwalimu aliinamisha uso kwenye usukani, nusura alie.

Hizo ndizo saa tatu na dakika arobaini zake. Ukiipinga faini lazima useme ulikuwa unafanya nini, na hicho hasa ndicho asichoweza kukisema.

Mkewe akamhoji mezani kama shahidi, miwani puani, kalamu mkononi.

"Uliingia jengoni kufanya nini?"

"Kununua balbu."

"Ngapi?"

"Moja."

"Balbu moja, saa tatu na dakika arobaini?"

"Nilikuwa nachagua."

Akamtazama juu ya miwani. "Kama kuna mwanamke, sema sasa hivi. Nitamaliza kesi hii kwanza, wewe nitakushughulikia baadaye."

Mwalimu alitamani mwanamke awepo. La mwanamke lingekiriwa: ugomvi wa wiki mbili, mashemeji wangeitwa, angeomba radhi, yangekwisha. "Hakuna mwanamke," akasema kinyonge, na mkewe akaandika: mteja makini.

Pingamizi likawa kurasa tano, nakala tatu, hoja kumi na mbili. Hoja ya saba ilisema hivi: "Mume wangu ana macho ambayo kwa miaka ishirini na miwili hayajawahi kukosa mstari, na mji mzima ni shahidi." Aliposomewa hiyo, chai ilimpalia Mwalimu mpaka akapigwa mgongoni. Hoja ya kumi na mbili ilidai kampuni ilete picha za kamera, zote, tangu gari lilipoingia mpaka lilipotoka.

"Za nini hizo?" akauliza.

"Huwa hawana! Wewe hujakaa mahakamani. Waombe kielelezo tu, uone wanavyoanza kutazamana."

Baada ya siku nne jibu likaja. Picha zipo. Wafike ofisini Alhamisi saa nne asubuhi, na mwenye gari mwenyewe awepo.

Jumatano, mkewe alipokuwa anapiga pasi suti yake nyeusi ya enzi za kazi, Mwalimu alisimama mlangoni akapiga moyo konde.

"Mama Watoto, kuna kitu nataka kusema."

"Usiseme kitu. Wewe ni mteja, mimi ndiye wakili. Kule nitasema mimi." Akageuza kola, akaipitisha pasi, huku anaimba kwa pua. Tangu astaafu hakuwahi kuonekana amechangamka namna ile. Mwalimu akayameza maneno yake. Alimpenda mkewe, na hilo ndilo lililozidi kumponza.

Alhamisi waliingia kwenye maegesho yaleyale, na Mwalimu akaenda kuliweka gari mwisho kabisa, nafasi tatu tupu huku na tatu tupu kule.

"Mbona mbali hivi?"

"Nafuata kivuli."

Mkewe akatazama juu. Palikuwa peupe, jua linawaka. Lakini alikuwa na hoja kumi na mbili kichwani, hakutaka ya kumi na tatu.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya maduka, chenye dawati, kabati la chuma, feni inayopuliza ukuta, na kompyuta moja. Msichana aliyekuwa dawatini alisimama haraka.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Wewe si yule wa klachi?"

"Ndiye mimi!" akacheka. "Nilianguka mtihani mara mbili, ya tatu ukanivusha."

Mke wa Mwalimu akakohoa kile kikohozi cha mahakamani, maana yake hatukuja kusalimiana. Akafungua faili, akasimama wima, akasoma hoja zote kwa sauti. Ilipofika ya saba, msichana aliinamisha macho akaanza kupanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mwalimu aliona hilo vizuri sana, kwa jicho la kulia, akajua binti huyu picha ameshazitazama.

"Weka kielelezo," akaamuru karani mstaafu.

Picha zikaanza. Gari linaingia. Mwalimu anatoka, anarudi na balbu, anapanda. Gari linarudi nyuma kidogo, linasimama. Mwalimu anashuka, anapima kushoto kwa futi, anapima kulia, anakuna kichwa, anapanda. Gari halitikisiki. Msichana akabonyeza picha ziende mbio, na bado gari limesimama palepale, mtu yumo ndani anakula biskuti. Akatokea yule mwanamke wa nusu kichwa, na mke wa Mwalimu akacheka kidogo. Kisha hakucheka tena. Pale kati ya gari na nguzo pangepita mkokoteni, na mtu yeyote angeliona hilo, hata yeye ambaye hajawahi kushika usukani.

Feni iliendelea kupuliza ukuta.

"Mama," msichana akasema polepole, "kanuni zetu zinasema gari likizibwa na mengine, faini inafutwa. Fomu najaza mimi, na bosi hatazami picha. Nitaandika kwamba lilizibwa. Mwalimu atie saini tu, yaishe." Akaandika, akaisogeza fomu mezani na kalamu juu yake. "Bila Mwalimu nisingekuwa na leseni mimi."

Mwalimu akaishika kalamu. Akatupa jicho kwa mkewe. Mwanamke aliyechapa viapo vya uongo miaka thelathini na mmoja, na kuvijua vyote, alikuwa anatazama mikono yake.

Saini moja tu. Faini imekufa, leseni imebaki, na kesho saa mbili asubuhi kuna mwanafunzi mpya. Mwalimu akamfikiria huyo mpya, kisha akamkumbuka wa wiki iliyopita aliyeulizwa kushoto kuna nini, akajibu hakuna kitu, na papo hapo mtu akalipiga bodi la gari kwa kiganja na kuwaporomoshea matusi. Alikuwa mzee mwenye mkongojo. Mwalimu alimkaripia mwanafunzi robo saa nzima, na usiku ule hakula.

"Ile nafasi," akamuuliza msichana, "wewe ungetoka?"

Msichana akasita. "Ningetoka, Mwalimu."

"Mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya mtu anapofaulu. Akapiga mstari juu ya neno "lilizibwa", na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: DEREVA HAONI UPANDE WA KUSHOTO. Halafu akatia saini.

Mkewe akaisoma fomu. Akaisoma tena.

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Miezi minane!" Faili likamtua Mwalimu begani, kurasa tano zikatawanyika sakafuni. "Unaniacha naandika macho yako mji mzima ni shahidi! Nasimama hapa na suti, nasoma kwa sauti! Na leo umeniendesha! Umenipakia garini na jicho moja, mwanamume wewe, ungeniua kwa faini ya balbu!" Kisha sauti ikamkatika, akakaa kitini, akalia. "Ungeniambia mimi. Kwani mimi nani?"

"Ningekosa kazi."

"Ndiyo, utakosa kazi. Ungeniambia."

Mwalimu aliinama, akaokota kurasa moja moja, na moja aliyoikosa, ya upande wa kushoto, mkewe akaiokota mwenyewe.

Kwenye orodha ya sababu za kusamehewa, kutoona hakukuwepo, kwa hiyo faini ilibaki palepale. Karani mstaafu akailipa hapohapo, bila hoja hata moja, akadai risiti. Halafu akamgeukia msichana. "Mwanangu, omba ruhusa ya nusu saa. Utatupeleka hospitali ya macho."

"Mimi? Nimwendeshe Mwalimu?" Msichana alishika kifua.

"Wewe."

Walipofika garini Mwalimu akampa funguo, akazunguka kwa mazoea kwenda kiti cha mbele, kile chenye breki ya pili, maana magari ya kufundishia huwekewa breki nyingine ya mwalimu.

"Hapana," mkewe akasema. "Njoo ukae nyuma na mimi."

Tangu alinunue gari lile hakuwahi kukaa kiti cha nyuma. Magoti yalimgonga kiti cha mbele, akashangaa wanafunzi waliosubiri zamu walivyovumilia. Msichana akawasha gari, klachi ikalalamika, gari likaruka kidogo, likaanza kurudi nyuma. Mguu wa Mwalimu ukakandamiza sakafu tupu kwa nguvu zote. Akafungua mdomo.

Mkewe akamwekea mkono gotini. "Nyamaza," akamwambia taratibu. "Anaona."