Shibe ya Watu Wawili

Tangu fundi breki apasuliwe kichwa kutolewa uvimbe, tumbo lake na ubongo wake havisemezani. Daktari alieleza kwa ufupi: mtu akila, tumbo hupeleka habari juu, na kuna sehemu ndogo chini ya ubongo inayozipokea na kusema basi, inatosha. Kwa fundi, sehemu hiyo iliondoka pamoja na uvimbe. Njaa ilibaki, tena ya kufa mtu. Shibe ndiyo iliyopotea. Miezi ya mwanzo alikula mpaka akatapika, kisha akarudi mezani huku anaona haya. Kule gereji wenzake hawakumwonea huruma: fundi breki hana breki!

Mkewe, mpiga pasi kwa dobi, ndiye aliyepata ufumbuzi. Wale sahani moja. Yeye akishiba akanawa, mume naye anawe, hata kama roho inamtoka. Wakaishi hivyo miaka, na fundi akakaa sawa.

Kisha mama mzazi wa mke akafariki. Waliporudi kutoka kuzika, chakula kilimshinda mke. Alimeza matonge mawili, akanawa. Fundi naye akanawa. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Wiki haijaisha, suruali ya fundi ikawa inafungwa kwa kamba, na dada yake akaja juu.

"Wifi, pole na msiba, lakini kaka yangu unamuua."

"Si ale! Kwani nimemshika mkono?"

"Nikianza peke yangu sijui nitaishia wapi," fundi alisema taratibu.

Kusema kweli, mke alikasirika. Hata kumlilia mama yake hakuachiwa nafasi. Lazima ashibe kwa ajili ya mtu mwingine. Akapakua wali na maharage, wifi yake akiwatazama. Akajilazimisha matonge matano, akavuta bakuli la maji, akanawa.

Fundi hakunawa.

Mke akashtuka. Leo uvumilivu umemshinda, sasa atakula mpaka apasuke! Akaishika sahani aiondoe.

"Iache," fundi akasema. "Hujashiba."

"Wewe utajulia wapi kushiba?"

"Kwangu sijui. Kwako najua. Ukishiba, kabla hujanawa, kidole chako cha mwisho huwa kinakusanya punje za pembeni, kinazirudisha katikati. Miaka yote naangalia hicho. Siku hizi nimenawa kwa heshima ya msiba tu. Tangu tumzike mama, hujakusanya hata punje moja."

Mke akakitazama kidole chake. Hakuwa na habari nacho. Hapo kilio kikamtoka, na hakuna aliyemnyamazisha.

Alipopoa akarudisha mkono kwenye sahani. Akala polepole, machozi bado yanamtiririka, na fundi akala naye tonge kwa tonge bila kumtangulia.

Wali ulipobaki kidogo, kidole cha mwisho kikatoka chenyewe, kikazoa punje tatu nne za pembeni.

Fundi akavuta bakuli, akanawa.