Waya wa Breki ya Mwalimu

Mke wangu, Najat, aligongwa akafa pale Mabawa akiwa amesimama gengeni anachagua nyanya. Aliyemgonga alikuwa mwanafunzi wa udereva. Mwalimu wake alikuwa kando yake, kwenye kiti chenye breki ya pili, ile anayoikanyaga mwalimu pale mwanafunzi anapoharibu. Aliikanyaga, haikushika. Wakubwa wakaja, wakapima barabara kwa utepe, wakasema ajali. Ajali! Shule ikapaka magari rangi mpya, ikabadilisha jina kwenye ubao, maisha yakaendelea. Ya kwao.

Basi nilipopata habari kwamba mwanangu Shadya anajifunza gari bila kuniambia, nilikwenda na kandambili zangu hadi uwanja wa Nguvumali. Gari lilikuwa la njano, lakini mlangoni rangi ilipobanduka niliiona ile ya zamani. Shule ni ile ile.

"Baba, usinitie aibu," Shadya akaninong'oneza. "Nimepata kazi ya kuendesha gari la wagonjwa kule Amani. Imebaki leseni tu."

Mwalimu wake, kijana aitwaye Luka, akanisalimu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shuka, nikae mimi."

"Mzee, sheria hairuhusu."

"Hiyo sheria ikiwa hai nitakuwa wa kwanza kuisalimia. Shuka."

Akashuka. Pedali ilikuwepo, tena inang'aa. Nikamwambia Shadya aliondoe gari polepole, pale pale uwanjani. Likaenda. Nikakanyaga. Mguu ukazama kama umeingia kwenye uji, gari linakwenda tu. Nikakanyaga tena mpaka goti likauma. Shadya akanitazama miguuni, kisha akalisimamisha yeye mwenyewe.

Luka akaja mbio. "Mzee, usipige kelele, nakuomba. Waya wake umefunguliwa asubuhi. Uko kwenye gari letu la pili, lile la kijani, leo linakaguliwa."

"Magari mawili, waya mmoja?"

"Tajiri ndiye aliyepanga. Zamu ya hili ikifika, unarudi huku."

"Na mkaguzi hajui?"

"Atajuaje? Anakagua moja moja. Akishapiga muhuri, basi."

"Kaka Luka," Shadya akauliza, "na wewe unayekaa kiti hiki kila siku, unafanyaje?"

"Nasali Baba Yetu. Tukiingia mjini naongeza na Salamu Maria."

Shadya akacheka, kisha kicheko kikamkatika. "Basi nitangoja. Nitajifunza waya ukirudi."

"Mwanangu," nikamwambia, "waya ukiwa huku, la kijani liko mjini halina."

Hakuna aliyemtaja mama yake. Akashuka, akang'oa kibao cha L nyuma ya gari, akaketi kiti cha nyuma nacho mapajani.

"Kaka Luka, endesha wewe. Tupeleke huko kwenye ukaguzi."

"Nitafukuzwa kazi."

"Najua," akasema, wala hakumbembeleza.

Luka alisimama kitambo akichezea funguo. Kisha akaingia.

Tulilikuta la kijani limeshapigwa muhuri. Mkaguzi hakutaka hata kunisikiliza. "Mzee, hilo leo si zamu yake."

"Ndiyo maana nimelileta. Zikanyage breki za mwalimu zote mbili, magari yakiwa pamoja."

Shadya akafungua mlango wa mwalimu wa lile la njano, akasimama hapo hapo. Watu wakaanza kujaa. Ndipo yule mkaguzi akainama. Akaibonyeza pedali kwa mkono, mkono ukaenda nayo mpaka sakafuni. Alipoinuka hakunitazama. Angeinama hivyo toka mwanzo, leo nisingekuwa najipikia.

Magari yote mawili yakazuiwa. Luka akachomoa hotpoti lake la chakula chini ya kiti, akalikumbatia.

"Sasa nani atanifundisha?" Shadya akauliza. Kazi ya Amani haitamngoja. Hilo alilijua kabla hajang'oa kile kibao.

"Mimi," Luka akasema. "Ukipata gari lenye breki."

Nikawachukua wote wawili hadi nyumbani, tukale.